Mashine Iliyokwama kwenye Neno la Kwanza

Vijana wangu, ninyi mnaopita kwangu hapa Kikula, mtaa wa Likasi, na spika chini ya kwapa mkisema, "Papa Édo, haitoi sauti," safari hii nawajibu kwa maandishi, kwa sababu koo langu limechoka kurudia. Mnasema haitoi sauti kana kwamba mmeniambia jambo. Hamjaniambia kitu bado. Haitoi kabisa? Inatoa kidogo, halafu inakata? Inakoroma? Inasikika upande mmoja tu? Mgonjwa akisema "naumwa", daktari hakamati kisu. Anauliza wapi, tangu lini, na ulikula nini.

Maswali hayo mimi sikuzaliwa nayo. Alinifundisha mwanamke mmoja, Ya Clotilde, aliyekuwa fundi wa redio ya parokia yetu katika mwisho wa ile miaka ya tisini, wakati kila kitu Likasi kilikuwa kinazimika kimoja kimoja. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza ampli na redio karibu na soko. Yeye alikuwa amenizidi umri kidogo, ndiyo maana nilimwita Ya, dada mkubwa. Nimefanya kazi na mafundi wengi, na wazuri walikuwamo. Kama yeye sikumwona mwingine.

Tulijuana kwa sababu ya pepo.

Siku zile, kadiri kazi ilivyopungua kwenye kiwanda cha kampuni ya madini, makanisa ya maombi yaliongezeka, kila barabara na lake, na kila kanisa lilitaka ampli kubwa kuliko ya jirani. Sikulalamika, nilikula humo. Basi, pasta mmoja, Pasta Mwansa, akanijia asubuhi akiwa amekunja uso.

"Édo, ile ampli yenye ulitengeneza iko na pepo."

"Pepo gani, Pasteur?"

"Pepo ya Bakatoliki. Minye niko naombea bagonjwa, bafle zinaanza kusali rozari."

Nilicheka, naye hakucheka. Nikaenda. Kweli, pasta aliponyamaza ili avute pumzi, zile spika zikaendelea zenyewe, taratibu, kwa sauti ya mama mmoja: Salamu Maria, umejaa neema. Waamini wakarudi nyuma hatua. Nikafungua ampli, nikabadilisha kila nilichoweza kubadilisha. Rozari haikukatika hata punje moja.

Mwishowe nikapanda kilima mpaka kwenye redio ya parokia, kwa sababu sauti ile ilikuwa yao. Nilikuta mwanamke amevaa kitenge na koti la kazi la bluu, anakaza boliti chini ya antena. Nikamweleza. Hakubisha wala hakuniambia niende kwa abbé, padri wetu. Aliuliza jambo moja tu: "Waya ya micro iko na urefu gani?"

Waya ya maikrofoni ilikuwa ndefu sana. Pasta alipenda kutembea akihubiri, akafika hadi mlangoni. Ya Clotilde akashuka nami, akaiangalia waya ile, kisha akasema, "Papa Pasteur, hii haiko waya tena. Hii njo antena." Akaikata ikawa fupi, ule wavu wa shaba unaozunguka waya akaufunga vizuri kwenye mwili wa ampli, na Maria Mtakatifu akarudi kwake. Pasta alishukuru sana. Halafu akamvuta pembeni, akamuuliza kwa upole kama haiwezekani kuigeuza ile waya, ili na Wakatoliki nao wamsikie yeye.

Njiani Ya Clotilde alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniangalia mikono. "Unalehemu vizuri," akasema. "Kuya ku redio. Kuko kazi ya mikono yenye haitetemeke."

Ndivyo nilivyoanza.

Yeye alikuwa amesoma elektroniki kule Lubumbashi, akafanya kazi miaka mingi kwenye santrale ya simu ya ile kampuni ya madini. Santrale ni ile nyumba ambamo laini zote za simu zilikutana. Mishahara ilipoacha kuja, na waya za shaba zilipoanza kung'olewa na watu wenye njaa, laini zilikufa mtaa kwa mtaa. Alikuwa anakumbuka iliyokufa mwisho, na mtu aliyekuwa anaongea. Ilipokwisha, parokia ikamchukua.

Pale kwenye redio palikuwa na kompyuta moja. Ililetwa na Frère Joachim, mmisionari aliyependa mitambo kuliko chakula. Haikutumia mfumo ule ambao maofisi machache yenye kompyuta yalikuwa nao. Ilitumia Linux. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta ambao umeandikwa wazi. Ukiwa na subira, unaweza kuingia ndani na kuona kila kitu kimefanywaje. Frère Joachim alimfundisha Ya Clotilde, kisha vita vilipokaribia akaitwa kwao. Akaacha mashine, CD moja, na fundi mmoja anayeielewa katika mji mzima.

Sasa mashine yenyewe haikuwa ya kawaida. Ile diski ya ndani, ambamo kompyuta huhifadhi mambo yake, ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Nyingine haikupatikana. Basi Ya Clotilde na Frère, kabla huyo hajaondoka, waliifundisha kuishi bila diski. Iliwashwa kwa disketi, kile kibapa cha plastiki cha zamani. Kutoka hapo ikachota mengine kwenye CD, ikayaweka yote kichwani, kwenye ile kumbukumbu inayodumu umeme ukiwapo tu. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Lakini ikizimika, ilisahau. Kila ilichofanya tangu asubuhi kilikwenda, na ukiwasha tena unakutana na mashine iliyozaliwa sasa hivi.

Siku yangu ya kwanza peke yangu nayo, niliiwasha, nikacheza tangazo, kimya. Hakuna kosa lililoandikwa kwenye kioo, programu inakwenda mbele, dakika zinahesabika, spika kama jiwe. Mimi mtu wa ampli, nikaenda kwa ninachokijua. Ya Clotilde alipoingia na beseni lake la unga, alikuta ampli imelala mezani vipande vipande na mimi katikati.

Aliweka beseni chini. Akasimama mbele ya mashine, mikono nyuma. Hivyo ndivyo alivyosimama kila mara alipowaza: alikamata mkono mmoja kwa mwingine nyuma ya mgongo, isiguse kitu kabla kichwa hakijamaliza. Kisha akaandika mstari mmoja.

"Sasa iko sawa," akasema.

"Mbona sisikii?"

"Utasikiya na nini? Rudisha kwanza ampli yako."

Kumbe mfumo ule, kila unapowashwa, huanza na sauti zote zikiwa sifuri, mpaka mtu azipandishe. Mashine haikuwa imekufa, ilikuwa inanyamaza tu kwa adabu. Tangu siku hiyo, kabla ya kukamata bisibisi, napandisha sauti. Msicheke. Nusu ya vifaa mnavyoniletea vinaponea hapo.

Siku nyingine ikakataa kwa namna tofauti: iliandika kwamba kifaa cha sauti kina shughuli. Mimi nikasema tuzime, tuwashe. "Hapana," akasema. "Kama mulango ya choo imefungwa, unabomolaka nyumba? Uliza kwanza nani iko ndani." Akauliza, na mashine ikamjibu: programu ya kurekodia ilikuwa imesahauliwa wazi tangu misa. Akaifunga, sauti ikaja. Nilipenda sana jinsi alivyoiheshimu ile mashine. Sikumsikia hata mara moja akisema ni mbovu. Alisema, "Iko najaribu kutuambia."

Sasa niwaambie ya Mama Mbombo, kwa sababu ndiyo niliyokalia kuandika.

Mwanzoni mwa ile miaka ya tisini, ninyi wengi hamjazaliwa, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa katika mji huu. Walikuwa majirani zetu, tuliokula nao, tuliozika nao. Walilala gare, kwenye stesheni, na watoto na masufuria wakingoja treni, na wengine hawakufika. Siandiki hapa nani alifanya nini. Nasema tu kwamba nyumba zilibaki na nusu ya watu wao. Mama Mbombo alikuwa Muluba wa Kasai aliyeolewa na mtu wa hapa, akafiwa, akabaki anauza makaa nyuma ya soko. Mwanawe Mwamba, aliyekuwa fundi wa kiwanda, alipanda treni na mke wake na watoto.

Baadaye sana, njia zilipofunguka kidogo, wasafiri walianza kuleta kaseti. Mtu aliye kule anajirekodi, anampa msafiri, na msafiri anafika na treni baada ya majuma. Wengi huku hawakuwa na redio ya kaseti inayofanya kazi, au hawakuwa na betri. Ndipo Ya Clotilde akamwomba abbé ruhusa: kaseti ziletwe redioni, wenyewe waitwe, wasikilize chumbani kwetu. Wakitaka, tunazipiga hewani siku ya Jumapili ili na majirani wa zamani wasikie. Watu walikuja wamevaa vizuri kama wanakwenda misa. Nimeona mzee mmoja akivua kofia mbele ya spika.

Kaseti ya Mwamba ilifika asubuhi moja, mikononi mwa muuza samaki. Ilikuwa imelowa na kukauka njiani. Ya Clotilde aliitazama dhidi ya mwanga, hakupenda alichoona. "Hii itapita mara moya tu," akasema. "Tuipitishe mu mashini." Akaunganisha redio ya kaseti na kompyuta, akarekodi yote huku akisikiliza mwanzo tu kwa kisikizio, kisha akakitoa sikioni. Maneno ya watu hakuyasikiliza kabla ya wenyewe. Alikuwa sahihi kuhusu ile kaseti: ilipofika mwisho, utepe ukang'ang'ania ndani, ukakatika na kujikunja kama nywele. Sauti ya Mwamba ikabaki mahali pamoja tu hapa duniani, katika kichwa cha mashine inayosahau.

"Haidhuru," nikasema, "mama atakuja mchana."

Kati ya asubuhi na mchana, abbé alileta printa. Alikuwa ameipata Lubumbashi, alitaka karatasi za nyimbo za Jumapili, na furaha yake ilikuwa kubwa. Printa huhitaji kadi yake ndani ya kompyuta. Frère Joachim alikuwa amemfundisha Ya Clotilde kupachika kadi mashine ikiwa imezimwa, lakini hii kadi ilikuwamo tayari tangu zamani, haijatumika. Ilibidi tu kuiamsha. Ya Clotilde akaiamsha kwa maandishi, akaongeza amri hiyo kwenye disketi ya kuwashia, karatasi zikatoka, abbé akaondoka akiimba.

Mama Mbombo akaja. Alikuwa amenawa makaa, lakini makaa hayatoki kwenye mistari ya viganja. Tukamkalisha karibu na spika. Jirani yake mmoja alikuwa amemsindikiza, akasimama mlangoni.

"Uko tayari, mama?" Ya Clotilde akauliza.

"Niko tayari tangu siku ile ya treni."

Akabonyeza. Na spika ikasema: "Mama—ma—ma—ma—ma—"

Neno moja, kipande chake, linarudi na kurudi, kwa sauti ya mwanaume mzima. Kisha ikakatika.

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Mbombo alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili. "Njo yeye," akasema. "Njo Mwamba. Anaita."

Ya Clotilde akajaribu tena. "Mama—ma—ma—ma—" Akasimamisha haraka. Sikutaka kumwangalia yule mama usoni.

"Tuzime, tuwashe," nilinong'ona, kisha nikakumbuka, nikajifunga mdomo kwa mkono.

Akasimama, mikono nyuma. Mimi nilikuwa tayari natazama waya, maana nilidhani ni waya. Yeye akawaza kwa sauti, polepole, kama mtu anayemweleza abonné, mteja wa simu, kwa nini laini yake ina tabu.

"Kama ni volume, hatungesikiya kintu. Kama ni mulango imefungwa, ingekatala kuanza. Hii inaanza. Inayua kusema. Inasema kipande ya kwanza, halafu inangojea muntu aiambie: endelea. Na ile muntu haiambie."

"Nani?"

"Kengele."

Nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu mpaka leo sijapata maelezo mazuri zaidi. Kila kadi ndani ya zile mashine za zamani ilikuwa na kengele yake ya kumwita mkubwa, yaani ile akili ya katikati. Kadi ya sauti inapewa kipande kidogo cha maneno, inakisema, kikiisha inapiga kengele: nipe kingine. Ikiwa kengele haisikiki, mkubwa haleti kitu, na kadi, maskini, inarudia kile ilicho nacho mdomoni.

Linux ilikuwa na jambo moja zuri. Ukiuliza, inakuonyesha kila kengele imelia mara ngapi. Ya Clotilde akauliza. Kengele ya saa ilikuwa inalia bila kupumzika. Ya kibodi ililia kila alipogusa herufi. Ya kadi ya sauti, sifuri. Akacheza tena kwa sauti ya chini kabisa, akauliza tena. Sifuri.

"Beko babili ku ligne moya," akasema, yaani wawili kwenye laini moja, na nikaona uso wake umetulia. Ulikuwa uso wa santrale. "Kadi ya printa na kadi ya sauti. Asubui printa ilikuwa nalala, sauti ikapita. Sasa imeamuka, imekamata ligne."

Nikachomoa waya ya printa. Haikusaidia, kwa sababu si printa yenyewe iliyoshika laini, ni kadi yake ndani. Akaiamuru ilale tena kwa maandishi, nayo haikuachia. Ilibaki njia moja: kuihamishia kadi ya sauti kengele nyingine. Na kadi ile haikuhamishwa kwa maandishi. Ilikuwa na vijiti vidogo vya chuma, na kakofia kadogo ka plastiki kanakounganisha viwili. Unakatoa hapa, unakaweka pale. Lazima mashine izimwe.

Na ikizimwa, sauti ya Mwamba inakwenda nayo.

"Kwanza tuokowe," akasema. "Kutengeneza, nyuma."

Hili, vijana, liandikeni mahali. Mafundi wengi hodari nimewaona wakitengeneza mashine vizuri sana na kuua kilichokuwa ndani.

Ile rekodi haikutosha kwenye disketi moja. Akaikata vipande, kila kipande disketi yake. Mimi nikakusanya disketi za zamani zilizokuwa na matangazo ya mazishi yaliyokwisha kupita. Yeye akaandika kipande, akakisoma tena kuona kama kimekaa sawa, akaweka pembeni, akachukua nyingine. Mama Mbombo alikuwa ameketi vilevile, hakuuliza. Jirani yake ndiye aliyeuliza kama mtoto bado yuko ndani.

"Bado iko, mama," Ya Clotilde akajibu bila kugeuka. "Tuko namuvusha."

Vipande vyote vilipokwisha kuandikwa, akavisoma mara ya pili, na disketi ya katikati ikakwaruza. Ile sauti mnaijua? Krr, krr, kama panya kwenye bati. Alipoisoma, sehemu ilikataa. "Édo, ingine!" Hatukuwa na nyingine. Nikakimbia kwa abbé, nikamkuta anahesabu karatasi zake za nyimbo, nikapora disketi mezani kwake bila salamu. Nilipokuwa uani nikasikia ule ukimya ambao kila mtu wa Likasi anaujua, redio za majirani zote zimekatika kwa pamoja. Umeme ulikuwa umeondoka. Siku zile ulikuja kwa zamu, na zamu yenyewe haikufuata saa.

Niliingia na disketi mkononi. Kioo kilikuwa cheusi. Ya Clotilde alikuwa ameweka viganja juu ya kompyuta, vyote viwili, kama unavyomgusa mtu aliyekata roho sasa hivi. Hii ndiyo mara ya pekee niliyoona mikono yake ikigusa kitu kabla ya kuwaza.

Kisha akaitoa pale, akamgeukia Mama Mbombo na kumwambia ukweli wote. Hakumficha. Kwamba maneno mengi yameokoka, kwamba kipande cha katikati kina tundu, na hajui ni kikubwa kiasi gani.

"Minye nilizala batoto mingi," mama akasema. "Bale benye walibakia, sikuwahi kuwaambia: beko bachache. Kesho nitakuya?"

"Kuya kesho, mama."

Hatukungoja umeme ili kufungua mashine. Tuliibeba hadi dirishani. Jua la mchana liliingia mpaka ndani ya sanduku, tukaona vumbi la Likasi, lile jekundu, limelala juu ya kila kitu. Alinionyesha kale kakofia. Kalikuwa kadogo kuliko punje ya mahindi, na nyuma yake palikuwa na nafasi ya vidole vya mtoto mchanga. "Njo ju ya hii nilikuita siku ile," akasema. Nikakatoa na koleo ya ncha nyembamba, nikakashusha kwenye vijiti alivyoninyooshea kidole. Mkono wangu haukutetemeka.

Umeme ukarudi kesho yake kabla ya saa sita. Mama Mbombo alikuwa amekwisha kufika, safari hii na majirani wengi zaidi. Ya Clotilde akawasha kwa disketi, akangoja CD ichote, akapandisha sauti, akaambia mfumo kengele mpya ya kadi, akaingiza vipande kimoja kimoja na kuviunga. Pale penye tundu aliacha nafasi tupu, urefu uleule wa kilichopotea. Nilimuuliza kwa nini asivifunge tu vipande pamoja ili isionekane. Akanitazama. "Maneno yake iko na nafasi yake. Sitamufunga mudomo mara ya pili."

Akabonyeza.

"Mama, ni minye Mwamba, mutoto wako."

Ikaendelea. Ikapita neno la kwanza, la pili, ikapita yote. Nilitazama kioo: ile kengele ya sifuri ilikuwa inalia, nambari zinapanda.

Mwamba alisema wako hai. Alisema wanalima sasa, yeye aliyekuwa fundi, na mikono imejifunza. Akataja watoto, mmoja mmoja, na darasa la kila mmoja. Akasema hapati samaki kama wale wa mto Lufira, na mama akatikisa kichwa kama kusema nilijua. Kisha akasema:

"Na habari ingine, mama. Bibi yangu, mama ya batoto, alizala. Mutoto mwanamuke. Jina yake, tulimupatia—"

Na hapo ndipo lilipokuwa tundu. Spika ikanyamaza.

Nilijua ni lazima lingekuja, na bado lilinipiga. Kati ya maneno yote! Ya Clotilde alifumba macho. Majirani wakaangaliana, wengine wakadhani imekufa tena. Ukimya ulikuwa mrefu, nao ulizidi kuwa mrefu.

Mama Mbombo aliinua uso. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akasema ndani ya ule ukimya, wazi, kama mtu anayejibu anapoitwa kwenye misa:

"Mbombo."

Na sauti ya mwanawe ikarudi, katikati ya sentensi: "—njo ile yako, mama. Ju usifikiri tulikuacha."

Wale wanawake walipiga vigelegele hadi nikashindwa kusikia mwisho wa ujumbe. Abbé alikuja mbio akidhani kuna ugomvi. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta, natafuta kazi ya kufanya kwenye ukuta.

Lakini Mama Mbombo hakusherehekea nao. Aliwanyamazisha kwa mkono. Alisogeza kiti, akainama hadi mdomo wake ukakaribia kitambaa cha spika, akaanza kujibu.

"Mwamba, nilikusikiya. Nilisikiya yote. Asante na ile mutoto. Usimubebe mu baridi, bibi yako anapendaka kutembea na batoto asubui..."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwa upole, mama, hii si simu, mwanao hasikii. Ya Clotilde aliniwahi. Aliinua kidole kimoja tu, bila kunitazama. Kwa mkono mwingine alikuwa anavuta droo, akatoa kile kirekodi kidogo cha betri tulichotumia kwa matangazo ya mitaani, akaweka kaseti, akabonyeza, akakiweka juu ya spika, mbele ya mdomo wa mama, taratibu kama anaweka chai.

Mama aliongea muda mrefu. Alitaja waliokufa na waliozaliwa, alitaja nyumba ambayo paa lake bado linavuja upande uleule, alimpa mtoto mpya baraka kwa Kiluba, maneno ambayo wengi wetu hatukuyaelewa na hakuna aliyeuliza. Alipofika mwisho akatulia, akainua macho, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuwa na shaka.

"Iko nasikiya?" akamuuliza Ya Clotilde.

Ya Clotilde aliangalia ile taa ndogo nyekundu, na ule utepe unaozunguka.

"Iko nasikiya, mama. Sema tu."